Kutambua Visu na Panga za Jadi za Thailand: Uchambuzi wa Kisa cha Mkusanyo Mmoja wa Mirathi

Usuli

Mkusanyo unaozungumziwa hapa uliachwa na mfanyabiashara wa vito wa Afrika Mashariki ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipeleka mawe ghafi Bangkok na Chanthaburi, mji wa mashariki mwa Thailand ambao soko lake la yakuti linajulikana na kila anayeshughulika na biashara hiyo, hasa tangu mawe ya Tunduru yalipoanza kumiminika huko katikati ya miaka ya 1990. Kila alipokwenda alirudi na kisu au upanga, na baadhi alivipata vijijini, mbali na maduka ya watalii. Majina, mji na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa katika maelezo haya. Vitu vyenyewe vimeelezwa jinsi vilivyo.

Alipofariki, warithi walikuta vitu 27: panga na mabapa marefu tisa, zana za kazi 14, na visu vidogo vinne vilivyowekwa kando kwenye kijisanduku. Vingi vilikuwa na vijikaratasi vilivyofungwa kwa uzi, vingine kwa mwandiko wa marehemu, vingine kwa mwandiko wa wauzaji. Kabla arobaini haijatimia, mnunuzi mmoja alijitokeza akitaka vyote kwa mkupuo. Alidai kwamba panga zile ni za samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani, na za Kiburma, na kwamba zana za kazi hazina maana yoyote, ila atazichukua ili kuisaidia familia kusafisha stoo. Baadhi ya warithi walitaka kukubali. Mjane wa marehemu alikataa, akasema kwamba mumewe hakuwa mtu wa kununua takataka. Ndipo msimamizi wa mirathi akaomba iandaliwe orodha itakayosema kila kitu ni nini, kimetoka wapi kwa kadiri inavyoweza kujulikana, na hayo yamejulikana kwa ushahidi gani.

Suala la bei liliwekwa nje ya kazi hii kwa makusudi. Anayetambua kitu huku akikikadiria bei huanza, hata bila kukusudia, kuona kile ambacho bei inataka kionekane, na katika mirathi yenye mvutano jambo hilo lingeharibu imani ya pande zote.

Hali ya vitu vilipopokelewa

Mambo mawili yalikuwa yamekwisha kutokea kabla kazi haijaanza, na yote mawili yaliacha athari hadi mwisho. Kwanza, mmoja wa jamaa, kwa nia njema kabisa ya kuvitayarisha vitu viuzwe, alikuwa amekata nyuzi za vijikaratasi kumi hivi na kuvikusanya kwenye bahasha bila kuandika kipi kilitoka wapi. Pili, jamaa huyohuyo aliichukua krisi, yaani lile jambia la Kimalayu lenye bapa la mawimbi, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama kijiko kipya.

Vitu vilivyobaki vilikuwa na kutu ya kawaida, vumbi, na mafuta ya zamani yaliyoganda. Hakuna kilichosafishwa. Kila kimoja kilipigwa picha pande zote mbili, juu ya mgongo, kwenye ncha, na mahali bapa linapoingia katika mpini, kisha kikapimwa urefu, upana na unene wa mgongo katika sehemu tatu.

Uamuzi wa kwanza: kuanza na muundo

Watu wengi wakipewa upanga wa Asia ya Kusini-Mashariki hutazama kwanza umbo la bapa. Tatizo ni kwamba bapa refu lenye makali upande mmoja na mpindo mdogo limeenea kutoka Assam, India, hadi Yunnan, China, likipita Burma, Laos, Thailand na Kambodia. Thailand huitwa daabu, Burma huitwa dha, na wahunzi wa pande zote wameigana kwa karne nyingi, wakatekana vitani na kuhamishwa pamoja na familia zao. Umbo peke yake haliwezi kubeba hukumu.

Kwa sababu hiyo iliamuliwa kwamba kila kitu kiangaliwe kwanza namna kilivyounganishwa: shina la bapa, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, limeshikwa na nini, noleo ni la chuma gani na limefungwaje, mpini ni wa mviringo au umechongwa bapa, ala ni ya kipande kimoja au ya vipande viwili vilivyofungwa kwa pete. Jina lililoandikwa kwenye kijikaratasi lilinakiliwa katika safu yake, na lililoonekana kwa macho likaandikwa katika safu nyingine, wala safu hizo mbili hazikuunganishwa mpaka mwisho.

Katika visu vingi vya Thailand shina la bapa ni fupi na limechongoka. Mhunzi hujaza tundu la mpini kwa utomvu wa wadudu wa mitini, ambao ni lakiri ile ile inayojulikana kwetu kwa kufungia barua, kisha hulipasha shina moto na kulisukuma ndani. Lakiri huyeyuka, hulizunguka shina, na ikipoa hushika kama jiwe. Hakuna msumari unaopita katikati ya mpini. Katika upanga wa Japani, kinyume chake, shina ni refu, lina tundu, na hushikwa na kijiti cha mwanzi kinachopita mpini upande hadi upande, ili mwenyewe aweze kuufungua na kuusafisha.

Chini ya taa ya miale ya urujuanimno, lakiri ya asili hutoa mwanga wa rangi ya chungwa, ilhali gundi nyingi za kisasa hutoa mwanga wa samawati au mweupe. Kipimo hiki hakigusi kitu wala hakikiharibu, kwa hiyo kilitumika kwa vitu vyote. Iliamuliwa pia kwamba hakuna mpini utakaofunguliwa. Pendekezo la kupasha moto mipini miwili ili kuona mashina lilikataliwa, kwa kuwa lakiri iliyokaa miaka mingi ikilainishwa hairudi tena kama alivyoiacha mhunzi.

Panga ndefu

Panga tatu ambazo mnunuzi aliziita za samurai zilimalizwa mapema. Mipini yake ilikuwa mirefu na ya mviringo, mmoja ukiwa umesukwa kwa henzirani, na hakuna hata mmoja uliokuwa na tundu la kijiti. Mwanga wa chungwa ulionekana waziwazi kwenye ufa mwembamba kati ya noleo na bapa. Hizo ni daabu za Thailand. Ni kweli kwamba Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ilikuwa na mtaa wa Wajapani katika karne ya 17, na Yamada Nagamasa, aliyefariki mwaka 1630, alipanda cheo katika utumishi wa mfalme, na baadhi ya panga za Kithai zimeiga mtindo wa Japani. Lakini kuiga mtindo hakuufanyi upanga kuwa wa Japani.

Panga nne nyingine zilikuwa ngumu zaidi. Hazikuwa na kinga ya mkono, ala zake zilikuwa za vipande viwili vya mti vilivyobanwa kwa pete za fedha nyembamba, na mbili zilikuwa na kamba nyekundu ya kutundikia begani. Hizi ni alama ambazo wengi huzihusisha na Burma. Hata hivyo Chiang Mai na nchi yote ya Lanna, kaskazini mwa Thailand ya leo, ilitekwa na Waburma mwaka 1558 na ikabaki chini yao, kwa vipindi vya uasi na utulivu, hadi miaka ya 1774 na 1775. Washani, moja ya makabila ya eneo hilo, wanaishi pande zote za mpaka wa Burma na Thailand. Kuandika "Burma" au "Thailand" mbele ya panga hizo kungekuwa kuupeleka mpaka wa sasa katika mikono ya wahunzi ambao hawakuujua. Ziliandikwa "Lanna au Shani", na sababu ikaandikwa pembeni.

Katika hizo nne, moja ilitoa mwanga wa samawati pale mpini unapokutana na bapa, na ilipotazamwa kwa kioo cha kukuzia ilionekana kwamba noleo lilikuwa limekatwa na kuungwa upya. Bapa lilikuwa la zamani, mpini wa zamani, ala ya zamani, lakini vitu hivyo vitatu havikuanza maisha pamoja. Wauza vikale huunganisha hivyo mara nyingi, na haina maana kwamba kila kipande ni bandia. Ilitosha kuandika kila sehemu peke yake.

Upanga mmoja ulikuwa na kijikaratasi cha muuzaji kinachosema umefuliwa kwa chuma cha Nam Phi. Machimbo hayo yapo kweli, katika mkoa wa Uttaradit, na chuma chake kina heshima kubwa kwa Wathai. Mkoa huo ndio nyumbani kwa Phraya Phichai, jemadari aliyepata jina la Upanga Uliovunjika kwa sababu mwaka 1773 aliendelea kupigana na Waburma baada ya upanga wake mmoja kukatika. Kwa ajili ya heshima hiyo, kila muuzaji anatamani upanga wake uwe wa Nam Phi. Jicho haliwezi kuthibitisha asili ya chuma. Dai lilibaki katika safu ya madai. Pamoja na huu, panga zilizokwisha kutajwa ni nane. Ya tisa haikutambulika, na itatajwa tena mbele.

Zana za kazi

Hapa ndipo mkusanyo ulipokuwa na utajiri wake, na hapa ndipo kazi ilipochukua muda mrefu zaidi. Upanga wa sherehe unaweza kukaa ukutani vizazi vitatu bila kusema neno. Kisu cha kazi hubeba alama za mkono ulioshika na kitu kilichokatwa, na marehemu, kwa dalili zote, alilifahamu hilo.

Visu vitano vilikuwa vya aina ya enepu, kisu cha shambani cha Thailand ya kati ambacho mkulima hukichomeka kiunoni: bapa pana katikati, tumbo lililojaa, ncha iliyopanda kidogo. Viwili vilikuwa eto, bapa zito ambalo ni jembamba karibu na mpini na pana mbele, ili uzito wote uangukie pale linapopiga. Vitatu vilikuwa pra, ambavyo msomaji wa Afrika Mashariki angeviita mapanga bila kusita, kimoja kikiwa na ncha iliyopinda kama ndoano kwa ajili ya kuvuta matawi. Vinne vya mwisho vitaelezwa kimoja kimoja.

Kijikaratasi cha enepu moja kilisema: "Ayutthaya, zaidi ya miaka 200." Mji mkuu huo wa zamani ulianguka mikononi mwa Waburma mwaka 1767, kwa hiyo dai hilo lilikuwa likikirudisha kisu kwenye enzi ya ufalme au mwisho wake. Mpini wa kisu hiki ulikuwa umekwisha kulegea wenyewe, lakiri imepasuka na kudondoka, na shina lilichomoka bila kulazimishwa. Kwenye ukingo wa shina kulikuwa na nusu duara safi, laini ndani, la upana wa bolti. Chuma chake kilikuwa cha namna moja kutoka mgongo hadi makali, bila ule mstari hafifu unaoonekana pale mhunzi wa zamani alipopachika chuma kigumu kati ya vipande viwili vya chuma laini. Hilo lilikuwa tundu la katikati la springi ya gari. Wahunzi wa Thailand, kama wahunzi wetu, walizipenda springi za magari mabovu mara tu zilipopatikana, kwa sababu ni chuma kizuri kisichohitaji kuungwa. Kisu hiki hakiwezi kuwa cha kabla ya karne ya 20.

Mmoja wa warithi alisikitika aliposikia hivyo. Lakini kisu hakikupoteza chochote. Kilikuwa kimefuliwa vizuri sana, mgongo ukipungua unene taratibu kuelekea kwenye ncha, na alama za nyundo zimepangwa kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Kilichopotea ni hadithi ya muuzaji tu.

Picha za zana zote zilipelekwa kwa mhunzi mzee wa mkoa wa Ayutthaya kupitia mshirika wa zamani wa marehemu aliyeko Chanthaburi. Katika wilaya ya Nakhon Luang kuna vijiji viwili, Ban Ton Pho na Ban Phai Nong, ambavyo wahunzi wake ni wazao wa watu waliotoka Vientiane, katika Laos ya leo, mwanzoni mwa enzi ya Bangkok kuwa mji mkuu. Visu vyao hujulikana nchi nzima kwa jina la Aranyik, ambalo ni jina la kijiji cha jirani walikokuwa wakivipeleka kuuza. Mzee huyo alithibitisha enepu nne na eto zote mbili kuwa za mtindo wa kwao. Enepu ya tano aliikataa, akisema noleo lake halifungwi hivyo kwao. Hakusema ni ya wapi, na hakulazimishwa kukisia.

Eto moja ilitoa somo la aina nyingine. Makali yake yalikuwa na mapengo madogo yaliyojikusanya sehemu ya mbele, na pendekezo la awali lilikuwa kuandika kwamba ilitumika kukatia mifupa. Mjane alipoonyeshwa alisema: "Hiyo, mwanangu, baba yenu alikuwa akikatia madafu hapa uani kila Ijumaa." Mapengo yale yalikuwa historia ya Afrika Mashariki, na yaliandikwa hivyo katika orodha.

Visu vinne vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa vimewekwa kwenye fungu la kutupwa.

Cha kwanza kilikuwa na bapa fupi, jembamba na lenye makali makali sana, lakini mpini wake ulikuwa mrefu kuliko bapa na umepinda kwenda juu. Wengine walidhani mpini wa kitu kingine umepachikwa hapo kimakosa. Hiki ni kisu cha kuchania mwanzi, na mpini huo ndio akili yake yote. Msusi huubana chini ya kwapa au ubavuni, hulishikilia bapa lisitikisike, kisha huvuta ukanda wa mwanzi kuelekea kwake mpaka unakuwa mwembamba na sawasawa. Upande wa chini wa mpini, kwa urefu wa kiganja na zaidi, mti ulikuwa umeng'aa na kuingia ndani kidogo, pale mkono wa mtu mmoja ulipougandamiza kwa miaka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora kuliko vyote 27, na kilikaribia kuchomwa moto.

Cha pili kilikuwa kae: kipande kidogo cha mti kinachokaa kiganjani, chenye ubapa mwembamba uliopachikwa ukingoni. Hutumika kusini mwa Thailand kuvunia mpunga suke kwa suke. Cha tatu kilikuwa mundu wa kawaida. Cha nne kilikuwa mkasi wa kukatia popoo, na huo haukuhitaji maelezo kwa mtu yeyote wa pwani aliyewahi kumwona bibi yake akitayarisha tambuu. Wathai walikuwa wakitafuna mchanganyiko huo huo hadi serikali ilipoupiga vita katika miaka ya 1940. Kwenye kiwiko cha mkasi kulikuwa na tarakimu zilizochorwa, ๒๔๗๓, ambazo familia ilidhani ni mapambo. Ni mwaka 2473 wa kalenda ya Kibudha. Ukiondoa 543 unapata 1930, ila kwa kuwa wakati huo mwaka wa Siam, jina la zamani la Thailand, ulianza tarehe 1 Aprili, unaweza pia kuangukia miezi mitatu ya mwanzo ya 1931. Katika mkusanyo mzima, hiki ndicho kitu pekee kilichopewa tarehe.

Krisi na visu vidogo

Krisi, mojawapo ya visu vinne vya kijisanduku, ilikuwa na mpini wa mti uliochongwa sura yenye pua ndefu, mtindo wa Patani ambao wengi huuita wa mdiria. Patani ulikuwa usultani wa Kimalayu, na mpaka wake wa leo uliwekwa na mkataba wa Uingereza na Siam wa mwaka 1909. Kwa hiyo iliandikwa "krisi ya Kimalayu, Patani, kusini mwa Thailand", ili heshima ya utambulisho iwaendee walioifua.

Msasa ulikuwa umeondoa mchoro wa juu. Bapa la krisi hufuliwa kwa tabaka za vyuma tofauti, kisha huoshwa kwa maji ya ndimu na aseniki ili tabaka moja liwe jeusi na jingine libaki jeupe. Kwa bahati tabaka hupita hadi ndani, hivyo fundi anayejua anaweza kuurudisha mchoro, ingawa chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Iliamuliwa isiguswe mpaka fundi huyo apatikane.

Visu viwili vya kijisanduku vilikuwa vya mezani, vya shaba iliyochanganywa, vyenye neno Thailand kwa herufi za Kilatini. Nchi ilianza kuitwa hivyo mwaka 1939, na seti za namna hiyo zilinunuliwa kwa wingi na askari wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Havikuhitaji zaidi ya mistari miwili.

Cha mwisho kilikuwa kizito kwa maana nyingine. Kilikuwa midi mo, kisu kidogo cha mganga au mtawa, chenye bapa la umbo la bendera ya pembetatu na mpini wa rangi ya maziwa uliozungushiwa pete za metali. Kijikaratasi kilidai kwamba kilibarikiwa na Luang Pho Derm wa Wat Nong Pho, mkoani Nakhon Sawan, mtawa aliyefariki mwaka 1951 na ambaye visu vyake vinatafutwa sana. Kwa sababu vinatafutwa sana, vya kuiga ni vingi mno, na hakuna kipimo cha macho kinachoweza kuonyesha baraka imetoka kwa nani. Dai hilo nalo liliachwa katika safu yake.

Suala kubwa lilikuwa mpini. Kwenye kitako chake, chini ya kioo cha kukuzia, ilionekana mistari iliyopindana na kukatana kama wavu, kwa pembe zilizo wazi. Mfupa hauna mistari hiyo. Mfupa una vitundu na vidoa vyeusi vidogo, na plastiki ina mistari iliyonyooka ikiwa nayo imewekwa mistari. Hii ilikuwa pembe ya ndovu. Mtu mmoja alipendekeza kuugusa kwa sindano ya moto ili kuhakikisha. Pendekezo hilo lilikataliwa, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kupatikana bila kukitoboa kitu.

Hapo kazi ya kutambua ilisimama na kazi ya sheria ikaanza. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Asia ilizuiwa katikati ya miaka ya 1970, na ya ndovu wa Afrika kwa uamuzi wa mwaka 1989. Katika nchi zetu pembe ni nyara, na kuimiliki bila kibali ni kosa, hata kama imesafiri kutoka nje ikiwa imechongwa. Msimamizi wa mirathi aliarifiwa siku hiyohiyo kwa maandishi, kisu kikatengwa, na wakili wa familia akawasiliana na mamlaka ya wanyamapori kabla ya mtu mwingine kukigusa.

Matokeo

Mnunuzi alipopelekewa orodha alipunguza ofa yake, kisha akataka panga saba tu bila zana za kazi. Familia ilimkatalia. Ilitokea pia kwamba sheria ya vikale ya Thailand ya mwaka 1961 inataka kibali cha idara ya sanaa ya nchi hiyo kwa vikale vinavyotolewa nje, na marehemu alikuwa ameacha karatasi za panga mbili tu. Hizo mbili ziligawiwa warithi. Nyingine zilibaki chini ya msimamizi hadi ushauri wa kisheria upatikane.

Zana za kazi zote, isipokuwa eto ya madafu ambayo mjane aliirudisha jikoni kwake, zilikubaliwa na chuo kimoja cha ufundi kwa ajili ya kufundishia uhunzi. Kisu cha pembe kilikabidhiwa kwa mamlaka, na familia haikushtakiwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa kuanza na muundo. Kama orodha ingefuata majina ya vijikaratasi, panga tatu zingebaki Japani, enepu ya springi ingebaki Ayutthaya ya kabla ya 1767, na kisu cha mwanzi kingekuwa majivu. Safu mbili, ya madai na ya yanayoonekana, zilisaidia pia kupunguza ugomvi, kwa sababu hakuna mrithi aliyehisi kwamba neno la marehemu limefutwa. Lilibaki pale, limeandikwa, likisubiri ushahidi.

Kukataa kutoa tarehe kuliwaudhi baadhi, na naelewa kwa nini, maana mtu anayeuza anataka karne. Lakini kisu cha mtindo wa jadi kinaweza kufuliwa leo kwa umbo la miaka mia iliyopita, na mhunzi akafanya hivyo kwa uaminifu kabisa, kwa sababu umbo hilo bado linafanya kazi. Mtindo hueleza kitu ni cha aina gani na labda cha upande gani. Umri unataka ushahidi wa nje: tarakimu, tundu la bolti, karatasi ya ununuzi.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya kazi. Vijikaratasi kumi vilivyokatwa viliweza kurudishwa sita tu, kwa kulinganisha urefu wa uzi uliobaki na alama za kutu kwenye karatasi. Vinne havina mwenyewe mpaka leo, na kimoja kati ya hivyo kinataja kijiji na jina la mhunzi, taarifa ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuifidia. Anayerithi vitu vya namna hii na akafanya jambo moja tu kabla ya kuomba msaada, afunge kila kijikaratasi kwa uzi wa pili, na mafuta, msasa na ndimu aviache kabatini.

Picha zilizopelekwa Thailand nazo zilikuwa na upungufu. Za awamu ya kwanza hazikuonyesha unene wa mgongo, na mhunzi alilazimika kuuliza tena. Kwa mtu wa fani, mgongo unaeleza zaidi kuliko ubavu, kwani ndiko unakoonekana mstari wa chuma kilichopachikwa na ndiko uzito unakopangwa.

Vitu viwili havikutambuliwa: enepu ambayo mhunzi wa Ayutthaya aliikataa, na upanga wa tisa, ambao una mpini wa pembe ya nyati, ncha iliyokatwa mraba, na kiungo cha mpini na bapa kisichotoa mwanga wowote chini ya taa. Katika orodha vimeandikwa kwa vipimo vyake, kwa nyenzo zake, na kwa picha za mgongo, bila jina la nchi. Msimamizi wa mirathi aliuliza kama si afadhali kuandika "Thailand" ili orodha ikamilike. Alijibiwa kwamba orodha imekamilika hivyo ilivyo, na akaitia sahihi.